NYUMBA ILIYO CHINI YA BARABARA

Mambo yanayompotezea mtu wa kazi akiba ya miaka 20 ni mengi, na mojawapo ni maji ya mvua. Twalisema jambo hili kwa kuwa ujenzi umezidi katika miji yetu midogo, na mji wa Sikonge ni mmojawapo. Mwalimu, muuguzi, dereva, mkulima wa tumbaku aliyekwisha kuuza mazao yake, na mzee aliyepokea kiinua mgongo, wote wana tamaa moja, nayo ni tamaa njema: kuwa na nyumba yao wenyewe, karibu na barabara, mahali ambapo gari husimama na biashara huonekana.

Lakini viwanja vilivyo sawa na barabara si vingi, na bei yake si ndogo. Vinavyobaki aghalabu ni vile vilivyo chini: mtu asimamapo barabarani huviona viko shimoni, kiunoni mwake au chini zaidi. Bei yake hupungua, mwenye kiwanja huwa mwepesi wa kuuza, na mnunuzi hufurahi. Furaha hiyo hudumu mpaka mvua ya kwanza ya Novemba.

Sisi hatusemi kwamba kiwanja cha namna hiyo hakijengeki. Twasema kwamba chajengeka kwa masharti, na kwamba masharti hayo yana bei ambayo yapasa ihesabiwe kabla ya kutoa fedha, si baada ya ukuta kupasuka.

NJIA YA ZAMANI NA BARABARA YA LEO

Watu wa nchi ya Unyamwezi hawakuanza jana kukaa kando ya njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, ikapumzika Tabora, mahali ambapo Burton na Speke walipafikia mwaka 1857 na kupaita Kaze, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Mwezi Septemba 1871 Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliona njia ya magharibi imefungwa kwa vita vya Mirambo. Akaondoka Kwihara, akazunguka upande wa kusini kwa kupitia Ugunda.

Njia hizo zote zilikuwa za miguu, na njia ya miguu haina tuta. Nyayo huila mwaka hata mwaka, mvua nayo huizidi kuichimba, hata ikawa chini kuliko ardhi ya kando. Mvua iliponyesha, njia yenyewe ndiyo iliyogeuka mfereji, na nyumba zikabaki juu.

Barabara ya lami ni kinyume chake. Mhandisi hairuhusu ilale chini, kwa maana maji yakikaa ndani ya udongo wa barabara huilegeza, na malori mazito huivunja. Kwa hiyo hujenga tuta, hushindilia moramu tabaka juu ya tabaka, huweka kokoto, kisha lami. Katikati hupainua kidogo ili maji yakimbilie kando. Hivi ndivyo ilivyo barabara ya lami itokayo Tabora, ikapita Sikonge, yapata kilomita 70 kusini mwa Tabora, na kuendelea mpaka Mpanda. Mambo yamegeuka: zamani njia ilipokea maji ya nyumba, na leo nyumba yapokea maji ya barabara.

Wala hatuilaumu barabara. Kila aliyekwama katika matope kati ya Tabora na Mpanda siku za barabara ya udongo ajua faida ya lami kwa mgonjwa, kwa mwenye mazao na kwa msafiri. Twataka tu ieleweke kwamba neema hii imebadili mwendo wa maji, na mwenye kujenga kando yake kama walivyojenga babu zake hajitendei haki.

HESABU YA SAA MOJA

Yafaa tuhesabu, kwa kuwa wengi huyadharau maji kwa kutoyapima. Nchi ya Tabora hupata mvua takriban milimita 900 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Novemba na Aprili. Hainyeshi kidogo kidogo kila siku. Mara nyingi huja kwa kishindo, kisha ikanyamaza.

Tuchukue mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa moja. Tuchukue kipande cha barabara chenye urefu wa mita 100, na upande mmoja tu wa barabara hiyo, kutoka katikati mpaka ukingo, wenye upana wa mita 5. Eneo hilo ni mita za mraba 500. Maji yake kwa saa hiyo moja ni lita 25,000, yaani mapipa 125 ya lita 200. Lami hainywi maji. Karibu yote hushuka kando. Ikiwa hapana mtaro, au mtaro umezibwa kwa taka na mchanga, mapipa hayo 125 hutafuta mahali palipo chini, na palipo chini ni uani kwa mtu.

Tena kuna maji ya paa lake mwenyewe. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 humwaga lita 6,000 kwa saa ileile, yaani mapipa 30 mengine. Maji haya hayatoki kwa serikali wala kwa jirani. Ni yake.

MAJI HUANZA CHINI

Nyumba nyingi za vijijini na miji midogo hujengwa kwa tofali za udongo, zilizochomwa au zisizochomwa. Katika Unyamwezi udongo wa kichuguu wasifiwa sana kwa kufyatua tofali, na sifa hiyo ni ya haki. Ila tofali mbichi, hata ikiwa nzuri namna gani, ikikaa ndani ya maji usiku mmoja hurudi kuwa tope. Ukuta haulii unapoliwa. Hulegea chini, na juu waonekana mzima, mpaka siku uangukapo.

Mwanzoni mwa Machi 2015, mvua kubwa ya mawe pamoja na upepo iliangusha nyumba katika kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, jirani zetu wa upande wa kaskazini, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo. Dhoruba ile ilikuwa kubwa kupita kawaida, nasi hatusemi kwamba msingi bora ungeokoa kila mtu. Twasema kwamba ukuta uliokwisha kuliwa chini hauna nguvu ya kupambana na dhoruba siku ijapo.

Balaa la pili ni choo. Choo cha shimo kilichochimbwa katika kiwanja cha chini hujaa maji ya mvua, na yaliyomo hupanda juu na kusambaa uani, pengine mpaka kisimani. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kikaenea katika mikoa mingi kilitukumbusha kwamba uchafu ukichanganyika na maji haumchagui mtu.

VIWANJA VYA AINA MBILI

Hapa twapenda kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kiwanja kilicho chini ya barabara, na kuna kiwanja kilicho katika njia ya maji.

Cha kwanza kiko chini kwa sababu barabara iliinuliwa. Nyuma yake ardhi yaendelea kuteremka, na maji yakipewa mfereji yatapita yaende zake. Kiwanja hicho chajengeka.

Cha pili kiko chini kwa sababu Mungu alikiumba chini. Ni bonde, ni kijito kilichokauka kiangazi, au ni mbuga yenyewe, ile ardhi nyeusi ambayo wakati wa mvua hugeuka ziwa na wakati wa jua hupasuka mipasuko ya kuingia mkono. Udongo wa mbuga huvimba unywapo maji, na hunywea ukaukapo. Nyumba iliyo juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka mpaka kuta zikafunguka pembeni. Waliojenga katika bonde la Jangwani na mabonde mengine ya Dar es Salaam waliona matokeo mwezi Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu wapatao 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Kiwanja cha namna hii hakifai kwa nyumba, hata kikigawiwa bure. Kifanywe shamba la mpunga au la mboga.

Namna ya kuvitambua ni rahisi, nayo haina gharama: usinunue kiwanja kiangazi. Nenda ukakitazame mvua inaponyesha, au asubuhi baada ya mvua ya usiku. Tazama maji yaingilia wapi na yatokea wapi. Waulize wazee wa mtaa maji hufika wapi mwaka wa mvua nyingi. Chimba shimo la urefu wa mtu. Ukikuta udongo mweusi unaonata, au maji yakachimbuka yenyewe, shika njia uende.

SAKAFU KWANZA, KUTA BAADAYE

Aliyekwisha kuona kwamba kiwanja chake ni cha aina ya kwanza, na aanze kwa kupima. Fundi wetu yeyote ana mpira mwangavu unaojazwa maji. Ncha moja huwekwa usawa wa ukingo wa lami, ya pili penye kiwanja, na maji yenyewe husema tofauti ni kiasi gani. Pasipo kipimo hicho, kila neno ni la kubahatisha.

Ikiwa tofauti ni ndogo, tuseme nusu mita, kilicho bora ni kuinua jamvi la nyumba mpaka lipite usawa wa barabara. Ikiwa ni kubwa, mita moja na nusu au zaidi, si lazima kushindana na barabara. Yatosha sakafu ikae juu ya ardhi ya kiwanja kwa nusu mita au zaidi, mradi maji ya barabara yakamatwe kabla ya kuifikia nyumba. Hayo ndiyo mambo mawili makubwa: kuinua na kukinga. Anayeinua bila kukinga, maji yatamzunguka kama kisiwa. Anayekinga bila kuinua, siku mtaro uzibapo maji yataingia chumbani.

Kujaza kifusi kuna hesabu yake. Mtu mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 akitaka kukiinua chote kwa mita moja, ahitaji mita za ujazo 600 zilizoshindiliwa. Kifusi kikiwa kwenye lori kimefumuka. Kikishindiliwa hupungua, kwa hiyo na aweke hesabu ya 750. Lori libebalo mita 5 za ujazo litakwenda na kurudi mara 150. Lakini akiinua mahali pa nyumba tu, mita 10 kwa 12, mita 150 za kifusi kilichofumuka zatosha, nayo ni safari 30. Tofauti hiyo ni safari 120. Kabla ya kusema kiwanja ni cha bei nafuu, mnunuzi na aongeze bei ya safari hizo juu ya bei ya kiwanja, ndipo ajue kama kweli amepata nafuu.

Kifusi kiwe cha moramu au changarawe, si udongo mweusi, wala si takataka zenye majani na magome yatakayooza na kuacha mashimo chini ya sakafu. Kimwagwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowanishwe kidogo na kushindiliwa kabla ya nyingine. Anayemwaga kimo cha mita moja kwa siku moja na kupiga jamvi kesho yake, sakafu yake itazama. Na msingi wa kuta usikae juu ya kifusi. Uchimbwe kupita kifusi mpaka ardhi ngumu ya asili.

Kuta za msingi, mpaka juu ya jamvi, ziwe za mawe, za tofali zilizochomwa vema, au za matofali ya saruji. Tofali mbichi zisiguse ardhi kamwe. Juu ya msingi, kabla ya kuanza kozi za ukuta, ilazwe karatasi nzito ya nailoni au tabaka ya saruji nzito isiyopitisha maji, ili unyevu usipande. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kupaka chokaa kila mwaka ukuta unaomenyeka.

Upande wa barabara, pale ardhi inapokatika, hujengwa ukuta wa kuzuia udongo. Wengi huujenga mwembamba kama wa uzio, ukaanguka mwaka wa pili. Ukuta huu husukumwa na udongo, na udongo uliolowa husukuma zaidi. Kwa hiyo kitako chake kiwe kipana, kwa kadiri ya nusu ya kimo chake. Uachwe na vitundu vya kutolea maji. Na nyuma yake pawekwe kokoto ili maji yashuke kwenye vitundu hivyo. Ukipita kimo cha mita moja, na aitwe mhandisi wa halmashauri atazame. Kuuliza si aibu.

Kati ya ukuta huo na nyumba uchimbwe mtaro wenye mteremko, upeleke maji nyuma ya kiwanja mpaka kwenye mkondo wa asili. Penye mchanga, shimo lililojazwa mawe laweza kuyanywa maji ya paa. Penye udongo wa mfinyanzi halifai kitu. Vema zaidi, maji ya paa yakingwe katika tangi. Tumekwisha kuona kwamba paa la mita 120 hutoa lita 6,000 kwa saa moja. Hayo ni maji ya kufulia, ya kumwagilia na ya kufyatulia tofali, bure. Choo nacho kijengwe kwa kuinuliwa, mdomo wake upite kimo cha maji ya mvua, na kiwe mbali na kisima, upande wa chini yake.

JIRANI NA HALMASHAURI

Mpaka hapa tumesema wajibu wa mwenye nyumba. Lakini mtu mmoja peke yake hawezi kuyashinda maji, naye akijaribu peke yake aghalabu hushinda kwa kumwumiza mwenziwe. Huyu ajaza kifusi, maji yahamia kwa wa pili. Wa pili naye ajaza, yahamia kwa wa tatu, ambaye ni mjane asiye na fedha ya lori. Mwisho mtaa mzima umetumia fedha nyingi na maji ni yaleyale. Mchimba kisima huingia mwenyewe: anayeziba njia ya maji ya jirani ajue kwamba yakikosa pa kwenda yatamrudia kwa nyuma.

Kwa hiyo wenye viwanja vya safu moja na wakutane kabla ya kujenga, wakubaliane mtaro mmoja upite wapi, kila mtu akatoa kipande chake cha ardhi na siku zake za kazi. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji hana shughuli bora kuliko hiyo mwezi wa Oktoba. Ugomvi ukizuka, Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi, na usuluhishi kabla ya mvua ni rahisi kuliko baada ya ukuta kuanguka.

Yako na mambo ya sheria ambayo mjenzi hana budi kuyajua. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyemo ndani ya mita hizo asijenge, hata ikiwa muuzaji amemwapia. Anayetaka kuunganisha njia ya kuingilia kwake na barabara kuu na aombe ruhusa, na aweke kalavati. Wengi hufukia mtaro wa barabara kwa udongo ili gari lipite, na kwa lori moja la kifusi wakaziba njia ya maji ya mtaa mzima. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Na kabla ya yote, kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Mwenye kukikwepa amejinyima jicho la mtaalamu ambalo angelipata kwa gharama ndogo.

Upande wa wenye mamlaka nao tuna neno. Barabara inapoinuliwa, kazi haijakamilika mpaka maji yake yamefikishwa mahali salama. Mtaro unaoishia ghafla mbele ya nyumba za watu haujamaliza kazi yake. Umehamisha tu taabu kutoka barabarani na kuipeleka kitandani kwa raia. Wapimao viwanja nao na watenge njia za maji katika ramani kabla ya kugawa namba, na namba isiwekwe penye mkondo. Mfanyakazi akipewa karatasi yenye mhuri huamini kwamba mahali pale panafaa kwa nyumba, na imani hiyo ni haki yake. Isiwe mtego.

Nyumba ya mtu wa kazi hujengwa kwa miaka. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu bati, na kila bati ni jasho. Wenye fedha nyingi maji yakiwaingilia hujenga tena. Mtu wa kazi hajengi mara mbili katika maisha yake. Ndiyo maana twasisitiza kwamba fedha ya kwanza itumike chini, mahali ambapo wageni hawapaoni wala hawapasifu: kwenye kifusi kilichoshindiliwa, msingi wa mawe na mtaro. Madirisha ya urembo na rangi vyaweza kungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyeinua sakafu atajenga nyumba nzima upya.

Miezi ya kiangazi ndiyo ya kufanya kazi hii, kuanzia Mei hata Oktoba, ardhi ikiwa kavu na malori yakipita. Kila mtaa wa Sikonge, na wa kila mji uliopitiwa na lami, na uitumie kupima, kukubaliana na kuchimba. Mvua za Novemba zikifika, zikute njia yake imekwisha kuwa tayari.